Tata, Nimekohoa Kwanza

Tata,

Shikamoo. Marahaba yako haitarudi, najua, lakini ulinilea hivyo na siwezi kuanza kusema na wewe kabla sijakuamkia. Ningeweza kuiandika barua hii kwenye karatasi na kuiacha juu ya kaburi lako pale nyuma ya migomba, ila mbuzi wa dada Bhoke wangeila kabla jua halijachwea. Kwa hiyo naiandika hapa kwenye blogu yangu, mahali uliponijua vizuri kuliko tulivyojuana nyumbani. Hata kuyasema hayo naona aibu.

Wenye tovuti moja ya Waswahili tunaoishi nje wameniomba niandike juu ya faida za kublogu. "Tueleze umepata nini, kaka Marwa," wamesema, "ili na wengine watamani." Nikakaa mezani na chai yangu nikaanza vizuri tu. Nimepata marafiki. Nimepata wasomaji ambao sijawahi kuwaona na wananiombea. Nimealikwa Dar es Salaam kuzungumza kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, nikapewa ngao ya kioo yenye jina langu. Kila neno lilikuwa kweli. Nikalifuta kila neno, kwa sababu kila nilipoandika "faida" nilikusikia unakohoa.

Wasomaji wangu wengine hawatoki kwetu, Tata, hawajui kwamba Tata ni baba, wala kikohozi chako kina maana gani. Univumilie niwaeleze kidogo.

Unaikumbuka siku ile ya mtoni? Nilikuwa mdogo, umri wa kuchunga ndama. Mama alinituma nikuite, kuna mgeni amekuja, nami nikateremka mbio kati ya migomba bila kuangalia mbele. Nyuma ya lile jiwe kubwa ukakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Nilisimama kama niliyekanyaga moto, nikageuka, nikakaa chini nikiangalia mlimani hadi ulipotoka umeshavaa. Hukunichapa. Ulikaa kwenye nyasi ukiwa bado unachuruzika maji, ukasema, "Mura, kijana wangu, mtu akikaribia maji anakohoa. Aliye ndani anakohoa kumjibu. Ukisikia kikohozi, unageuka."

"Na nisiposikia?"

"Unakohoa tena. Kwani kikohozi kinanunuliwa?"

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kwetu baba na mwana hawaonani miili. Babu na mjukuu wanataniana na hata kuogeshana, ndugu wanaweza, watu wa rika moja waliotahiriwa pamoja hawafichani kitu. Lakini baba na mwana, hapana. Chumba chako cha kulala sikuwahi kukiingia maisha yangu yote. Nilipokuja kusikia watu wa mbali wakisema kwamba sisi Wakurya ni wakali, tunaogopana na baba zetu, nilikasirika. Ni soni ya heshima, na mtu asiyekuwa nayo kwetu haaminiwi hata kuchunga kuku.

Halafu dhahabu ikaja shambani kwetu kule Kemambo. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni wakati wale vijana kutoka Geita walipokuja na nyundo zao, wakaokota jiwe, wakalilamba, wakatazamana. Mwezi ule ule shamba lilijaa mahema ya turubai, mama ntilie, wauza betri, Wakenya kutoka ng'ambo ya Sirari, na wahubiri wawili waliogombania kona moja. Wenye mashamba wengine walikaa kivulini wakisubiri mgao wao. Wewe ulishuka mwenyewe duarani, ndani ya shimo la machimbo. Ulisema huwezi kupokea mali iliyotoka kwenye ardhi yako bila kujua ilikuwa imelala wapi. Ulikuwa ukirudi nyumbani umejaa vumbi hadi kwenye kope, na mama alikukung'uta kwa tawi la mti kabla hajakuruhusu uingie ndani. Tulicheka sana wakati huo. Hakuna aliyefikiri kwamba vumbi lile lilikuwa linaingia pia mahali ambapo tawi halifiki.

Duara letu lilipotema dhahabu, majirani walioa wake wa pili na kununua pikipiki walizoziangusha mtaroni. Wewe ulinipeleka chuo cha uuguzi, halafu ikapatikana nafasi ya Ujerumani ya kusomea kutunza wazee. Ulinisindikiza hadi barabarani. Ukaniuliza, "Hasa hasa unaenda kufanya nini huko?"

"Kutunza wazee, Tata. Kuwalisha, kuwaogesha."

"Hawana watoto?"

"Wanao."

Uliangalia barabara muda mrefu, kisha ukasema gari linakuja. Hapakuwa na gari.

Ujerumani nilianza kuandika kwa sababu ya ukimya tu. Unaweza kupanda treni imejaa watu na usisikie hata mtu akipiga chafya kwa nguvu. Nikirudi chumbani nilikuwa na njaa ya Kiswahili, basi nikawa naandika: namna wanavyotenga takataka kwenye mapipa ya rangi mbalimbali na jirani atakavyokugongea mlango ukikosea pipa, jua la kiangazi linalokataa kulala, namna nilivyopika ugali kwa unga wa kutengenezea keki nikaula hivyo hivyo nikilia. Watu wachache walisoma, wakaniandikia pole. Hizo zilikuwa siku nzuri. Sikuwa namdhuru mtu.

Halafu nikaandika habari ya Mzee Walter.

Walter alikuwa mzee wa kwanza niliyekabidhiwa. Alikuwa mchimbaji kama wewe, wa makaa ya mawe, na kifua chake kilikuwa kimekufa kwa vumbi la chini. Alikuwa mkorofi, ana matusi mengi, na akiingia bafuni alikuwa anaimba nyimbo za walevi. Nikaiandika siku nilipomwogesha mara ya kwanza. Nikaeleza mwili wake wote, Tata. Nikatafuta maneno ya kuchekesha, nikafananisha kila kiungo chake na kitu cha jikoni au cha shambani, sikuacha hata kimoja. Sitayarudia maneno hayo hapa.

Watu walicheka hadi wakalia. Ndipo blogu ilipoota miguu, ikafika Songea, Mombasa, Muscat. Dereva mmoja wa malori aliniandikia kwamba ameisoma akiwa foleni ya mpakani na amesahau njaa. Dada mmoja wa Mwanza alisema yeye alikuwa anaogopa kumwogesha mama yake aliyepooza, lakini baada ya kucheka na Walter amepata moyo. Kila nilipokwenda, nilikuwa "yule kaka wa Mzee Walter". Hiyo ndiyo faida wanayoitaka wale wa tovuti, na sikatai, niliila na ikanishibisha.

Baadaye niliandika nyingine, fupi, habari ya bibi mmoja anayeitwa Hilde. Bibi huyo alilia aliponiona nimekuja na beseni, kwa haya, kwa sababu hajawahi kuonwa na mwanamume yeyote isipokuwa mumewe. Basi nikamfunika shuka kubwa kuanzia shingoni, nikaingiza mikono chini ya shuka na kitambaa cha maji ya moto, na macho yangu nikayapeleka dirishani. Nikawa namsimulia ninachokiona nje: mtu na mbwa wake, mvua inayotaka kuanza, mti uliobaki na majani machache. Alitulia. Hiyo haikumvutia mtu. Walitoa maoni watu wawili, na mmoja alikuwa anauza dawa ya kuotesha nywele.

Mwaka niliopewa ile ngao ya kioo, nilitoka Dar nikaja nyumbani na ngao yangu kwenye begi. Kwenye simu dada yangu Bhoke alikuwa akiniambia kila wiki, "Tata anaendelea vizuri." Kumbe ni wewe uliyemwambia aseme hivyo. Nilifika uani, nikaona kiti chako cha mninga kimegeuzwa, kuku wanalala juu yake. Nikajua, kabla Bhoke hajasema, kwamba hutoki tena kitandani.

Nilisimama sebuleni mbele ya pazia la chumba chako, nikakohoa. Ukakohoa. Kikohozi chako sasa kilikuwa ugonjwa wenyewe, hakikukoma kirahisi, nami nilisubiri kiishe.

"Ni Marwa?"

"Ndiyo, Tata. Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa?"

"Kidogo."

"Hiyo sauti ni ya mtu aliyenenepa," ukasema, na tukacheka wote wawili, pazia katikati yetu.

Mama alikuwa ameshatangulia. Baba mdogo alikuwa Kehancha, upande wa Kenya, akivuka kuja Jumapili tu. Aliyekuwa akikuogesha ni Mzee Mwita, mtu wa rika lako, uliyetahiriwa naye siku moja. Alikuja kila asubuhi na fimbo yake na manung'uniko yake. Mikono yake inatetemeka na hana subira hata ya kusubiri maji yapoe. Mimi nilikuwa nakaa uani kwenye gogo nikisikiliza. Nilisikia maji yakimwagwa vibaya. Nilisikia unavyogeuzwa kwa kuvutwa mkono, mahali ambapo mtu havutwi. Kazi hiyo nimeisomea, nina cheti chake, nimewafundisha watu kwenye blogu, nami nilikaa juu ya gogo nikichambua maharage na Bhoke.

Siku ya pili akaja nesi wa zahanati, Zainabu, mama wa Korogwe aliyehamishiwa kwetu na serikali. Alishuka kwenye pikipiki, akaniangalia, akaweka mkono mdomoni. "Wewe si ndiye yule wa blogu? Jamani! Mimi nimejifunza kwako kumgeuza mgonjwa. Nimewafundisha hadi wenzangu." Alinishika mikono yote miwili kwa furaha, mbele ya watu. Halafu akaingia ndani kwako.

Alipotoka, ile furaha hakutoka nayo. Akanivuta pembeni, kwenye kibanda cha kuni. "Kaka Marwa, baba anageuzwa na nani?"

"Mzee Mwita."

"Na wewe?"

"Dada, kwetu mwana hawezi. Ni mila."

Alifunga begi lake. "Mimi mgeni, sina neno na mila za watu, na sisi kwetu tunazo. Lakini mgongo wa baba haujui hayo." Kisha akanieleza mgongo wako ukoje. Hayo siyaandiki. Nilimshukuru nikamsindikiza hadi kwenye pikipiki, na alipoondoka nilirudi kwenye gogo langu. Ungeniuliza wakati ule kwa nini sikutafuta njia, ningekujibu kwa ukali, maana mtu mwenye aibu huwa mkali.

Jumapili baada ya kanisa wageni walijaa uani. Mjomba, wanakwaya, mwalimu mkuu aliyehamia kutoka Iringa, wote wanataka kumwona mtu wa Ulaya. Ngao ya kioo ikapitishwa mkono kwa mkono, mtoto wa mtu akaitia alama za mafuta ya mandazi. Mwalimu mkuu akasema, "Tusomee ile ya Mzee Walter kwa sauti yako mwenyewe." Nami nikatoa simu nikasoma. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na nyuma ya sebule kuna pazia, na nyuma ya pazia uko wewe.

Walicheka, Tata. Mjomba alilala kabisa kwenye majani. Nikanogewa, nikawa nasoma nikiigiza, nikimwigiza Walter anavyoimba. Nikafika mahali pale pa katikati, panapochekesha kuliko pote.

Ukakohoa.

Watu waliendelea kucheka, kwao hicho kilikuwa kikohozi cha mgonjwa. Mimi nilikijua. Kilikuwa kile cha nyuma ya jiwe, kifupi, kimoja, na baada yake kimya. Nilikisikia vizuri sana. Na nikaendelea kusoma hadi mwisho, kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine miaka hii yote na sijaipata.

Ndipo ikaja siku ile ya Kemambo. Asubuhi mtu alipita barabarani anapiga honi kama harusi, anapaza sauti kwamba duara limetema upande wa chini, mawe yenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Kabla chai haijachemka kijiji kilikuwa kimehama. Walikwenda vijana, walikwenda wanakwaya na majembe ya kanisa. Bhoke alibeba ndoo ya uji na chapati akauze huko. Mzee Mwita alipita mbele ya mlango wetu bila hata kutuamkia, karai kichwani, fimbo mkononi, anakazana. Nesi Zainabu alikuwa na kliniki ya watoto, haiachi. Nyumbani nikabaki mimi, wewe na kuku.

Mchana uliita. "Bhoke."

Sikujibu, nilidhani utalala.

"Bhoke." Halafu, polepole, "Marwa."

"Naam, Tata."

"Mwita yuko wapi?"

"Amekwenda Kemambo. Kuna duara limetema."

"Mwita? Na miguu ile?"

"Na karai kichwani."

Ulicheka hadi ukakohoa, ukakohoa hadi ukanyamaza. Kisha ukaniambia hali uliyokuwa nayo, jambo ambalo baba hamwambii mwanawe, na ulilisema kwa sauti ndogo ukitumia Kikurya cha zamani ili lisikae wazi sana. Nilisimama. Nikasema nitatafuta pikipiki nimfuate Mzee Mwita sasa hivi, au nimpigie baba mdogo avuke mpaka.

"Kaa," ukasema.

Nikakaa chini, pale pale sebuleni, mgongo kwenye ukuta wa chumba chako.

"Kuna ile ya bibi."

"Bibi gani, Tata?"

"Bibi wa huko kwenu aliyeona haya. Ukamfunika ukaangalia dirishani. Bhoke alinisomea. Nikamwambia arudie, akarudia mpaka akachoka, akasema Tata si nikusomee ile ya kuchekesha. Nikamwambia hiyo nimeshaisikia." Ulipumua kidogo. "Mimi nataka ya bibi. Ya Walter sitaki."

Tata, niliiandika mwenyewe. Niliifanya kwa mikono yangu hii. Nilikuwa nimekaa uani siku zote zile nikisikiliza unavyoumizwa, na haikunijia hata mara moja kwamba heshima niliyompa bibi wa watu ningeweza kukupa wewe. Ilibidi uniombe. Mtu uliyeshindwa kukojoa mbele ya mwanao hata siku tulipokwama na gari porini, ulilala pale na hali ile ukalazimika kuniomba. Kama kuna kitu ninachokionea aibu kuliko kile kicheko cha Jumapili, ni hicho.

Nikasema, kwa ujinga tu, "Na mila, Tata? Tukikosea?"

"Mbuzi yupo zizini," ukasema. "Yule mwekundu wa pembe moja. Nilimwambia Bhoke asimuuze."

Mbuzi wa kuwatakasa waliovunja mwiko. Nilimwona tangu siku niliyofika nikashangaa kwa nini dume zee kama lile halijauzwa wakati mitihani ya watoto wa Bhoke ilikuwa na michango. Ulikuwa umeshamtenga kabla sijapanda hata ndege. Ulikuwa umenisubiri nije na wazo langu, siku baada ya siku, nami nikaja na ngao ya kioo.

Nikachemsha maji. Nikatafuta shuka kubwa kwenye sanduku la mama. Nikasimama mbele ya pazia nikakohoa, nawe ukakohoa, nikaingia chumbani kwako kwa mara ya kwanza nikitanguliza mgongo, kinyumenyume, huku nimeshika beseni, nusura niangukie kiti.

Ukasema, "Usivunje kitanda changu."

Mengine yako chini ya shuka. Niseme tu kwamba macho yangu yalikuwa dirishani, na kwamba sikukuvuta mkono, na kwamba maji hayakuwa ya moto mno wala baridi. Nilikusimulia ninachokiona kama nilivyomsimulia bibi. Vumbi la Kemambo limepanda juu ya vilima. Kuna mwanamke anashuka na mkungu wa ndizi. Ng'ombe wa nani yule, ameingia kwenye mtama wa watu. "Ni wa Matiko," ukasema, "ana baka jeupe? Basi ni wa Matiko, hana adabu kama mwenyewe." Mikono yangu ilikuta mifupa yako ikakuta na kovu la begani, la jiwe la duarani, ambalo nililijua kwa kulisikia tu kwenye hadithi za mama. Nililia, lakini nilikuwa nimekupa kisogo, hukuniona.

Baadaye ukauliza, "Yule Walter yuko hai?"

"Alifariki."

"Ana watoto?"

"Mmoja. Anaishi mbali."

"Kama wewe," ukasema, bila ubaya. Nikakugeuza upande mwingine, nikaweka mto kati ya magoti, ukashusha pumzi ya mtu aliyepumzika. Nikadhani umelala. Ndipo ukasema, "Ulimwacha wazi, mura. Mzee wa watu."

Nilikamua kitambaa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Na hii utaiandika?"

"Ukikataa siiandiki, Tata. Nakuapia."

Ulifikiri. Nje walianza kusikika watu wa kwanza wanaorudi kutoka Kemambo, wamechoka, wanalaumiana kwamba mawe yenyewe yalikuwa ya kawaida tu. "Andika," ukasema. "Wenye shida kama yetu ni wengi, wanaona haya kusema. Andika. Lakini nifunike."

Mzee Mwita alirudi jioni na karai tupu, na alipoambiwa alikuja juu. Alisema nimevunja nyumba, nimeleta mambo ya Wazungu, rika lake litanichukulia hatua. Wewe ukamwambia kupitia pazia kwamba mbuzi ni yule mwekundu. Akauliza, "Wa pembe moja?" Kesho yake walimchinja, wazee walisema waliyosema, na Mzee Mwita alipewa mguu mzima. Tangu siku hiyo mimi nilikuogesha kila asubuhi hadi likizo yangu ilipokwisha, na yeye akawa anakaa sebuleni akinisahihisha kwa makelele mambo asiyoyajua.

Uliondoka msimu wa mvua, mimi niko huku. Ilinibidi nikuzike na simu sikioni, kama tunavyozikana siku hizi sisi tulio mbali. Bhoke aliniambia kwamba Mzee Mwita na wenzake watatu wa rika lenu waliobaki ndio waliokuogesha mara ya mwisho. Hawakuwa na sababu ya kuficha kitu, wewe na wao mlishaonana tangu ujana. Lakini Mzee Mwita aliagiza shuka kubwa la mama, akawaambia wenzake waangalie dirishani. Mmoja alipouliza kwa nini, alimjibu, "Shika kitambaa, acha maswali."

Sasa, Tata, nirudi kwenye lile swali la wenye tovuti. Habari ya Mzee Walter nimeiondoa kwenye blogu. Wasomaji wananiuliza kila siku imekwenda wapi, wengine wananikasirikia, na dereva wa malori ameniambia anayo nakala yake, hawezi kuifuta, inamsaidia. Ndivyo ilivyo, shuka likishavuliwa mbele ya watu huwezi kumrudishia mtu giza lake. Nimemwandikia mtoto wa Walter kwa Kijerumani changu kibovu nikamweleza baba yake alivyokuwa akiimba. Nyimbo tu. Hajajibu, na sidhani namdai jibu.

Kazini bado niko pale pale. Nikifika mlangoni kwa mzee yeyote, nakohoa kabla sijaingia. Wenzangu walidhani naumwa, mmoja akaninunulia peremende za koo na soksi nzito. Sikuwaeleza. Wazee wenyewe wameshazoea, na kuna mmoja, mwalimu mstaafu asiyesema na mtu, ambaye siku hizi naye anakohoa kunijibu.

Nimepata nini kwa kublogu? Nitawaandikia kwamba baba yangu alinisoma, na alichopenda si kile kilichopendwa na watu. Wakiona haitoshi, wamtafute mwingine, wenye ngao ni wengi.

Haya ndiyo uliyoniruhusu, Tata. Nimeyapitia tena na tena kabla ya kuyachapisha, nikavuta shuka huku, nikavuta kule. Kama kuna mahali shuka limeteleza, kohoa. Safari hii nitageuka.

Mwanao,
Marwa